Jani Lenu na Jani Lao: Swali la Baba Mmoja Wodini

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wainjilisti na viongozi wa akina mama. Inachapishwa kwa ombi la washiriki.)



Kwenye ratiba mada yetu imeandikwa "Dawa za mimea na saratani ya damu". Tuseme mapema kwamba hatukuichagua kwa sababu sisi ni mabingwa. Katika ofisi ya miradi hakuna daktari. Yupo bwana shamba, yupo mhasibu, yupo dereva, na mratibu aliyesomea maendeleo ya jamii. Tumeichagua kwa sababu tulikosea, na kosa letu mlilibeba ninyi mikononi mkalipeleka majumbani kwa watu, mkituamini.

Wengi mnakikumbuka kile kipeperushi cha majani ya mstafeli. Kilituletea habari njema na rahisi: kwamba chai ya majani ya mstafeli huua seli za saratani, ikiwemo ya damu, kwa nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Wakati ule tulikuwa na mradi wa miti ya matunda na kitalu kilikuwa kimejaa miche ya mistafeli. Tukaona mambo mawili yanakwenda pamoja. Tukatoa nakala, tukazigawa sambamba na miche. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, nani amesema, na alipima kwa nani.

Katika mtaa mmoja alikuwepo mtoto wa kiume wa miaka minane. Alianza kuwa na homa za mara kwa mara, akatibiwa malaria mara mbili. Akapauka. Fizi zikawa zinatoka damu, na michubuko ikawa inatokea miguuni bila kuanguka. Baba yake alikuwa na kipeperushi chetu. Alichemsha majani yale kwa wiki sita, asubuhi na jioni, kwa uaminifu ambao tungetamani kuuona katika kila mradi wetu. Mtoto aliposhindwa kutembea kwa maumivu ya mifupa ndipo wakampeleka hospitali ya rufaa, na huko wakaambiwa ni lukemia, yaani saratani ya damu.

Tulikwenda kumtazama. Muuguzi alikuwa anamwandalia sindano ya mshipa, na kwa kutaka kumtuliza baba akamweleza kwamba dawa ile asili yake ni ua, lile ua dogo la waridi linalopandwa mbele ya nyumba. Yule baba alinyamaza kidogo, kisha akatoa kipeperushi kwenye mfuko wa shati, kimekunjwa mara nne, akatugeukia sisi: "Kumbe na hili nalo ni jani? Sasa jani lenu na jani lao lina tofauti gani?"

Hatukuwa na jibu. Mtoto alifariki katika wiki ya nne ya matibabu. Daktari hakusema kwamba angepona kama angefika mapema, nasi hatutasema hivyo. Alisema tu kwamba alifika akiwa amebaki na nguvu kidogo sana ya kubeba dawa. Tangu hapo tumekuwa tukilitafuta jibu la swali lile, kwa kusoma na kwa kuwasumbua madaktari na wafamasia. Tulichokipata ndicho tunachokileta leo.

Tuanze na ua lenyewe. Kila mahali lina jina lake. Wataalamu huliita Catharanthus roseus, na wauza miche wengi huliita vinka. Lina petali tano, jeupe au la waridi, halihitaji maji mengi, na mbuzi hawalipendi kwa kuwa ni chungu. Asili yake ni Madagaska, lakini lilisambaa zamani katika nchi zote za joto, na katika nchi nyingi watu walichemsha majani yake kutibu kisukari. Jamaika ilikuwa mojawapo.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika alituma bahasha ya majani yale Kanada, kwa daktari mstaafu aitwaye Clark Noble. Maelezo yalikuwa kwamba wenyeji huyanywa kama chai insulini inapokosekana. Noble naye akampelekea mdogo wake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert akawanywesha panya maji ya majani yale, kisha akapima sukari yao. Hakikutokea kitu cha maana. Ndipo akajaribu njia nyingine: akawachoma sindano. Sukari haikushuka, lakini baada ya siku chache panya walianza kufa kwa maambukizi. Alipochunguza aliona kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua sana na uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, ulikuwa umeharibika.

Tafadhali tulieni hapo kidogo, maana nusu ya jibu la yule baba iko hapo. Mmea ni ule ule na panya ni wale wale. Waliponyweshwa hawakuonyesha badiliko la maana; walipochomwa sindano, uboho ulivunjika. Na jambo lililopatikana silo lililokuwa likitafutwa. Chai ilisifiwa kwa kisukari, na kisukari ndicho ilichoshindwa.

Mtu mwingine angeitupa kazi ile kwa kuwa panya wamekufa. Noble aliwaza kinyume. Kama kuna kitu kwenye jani kinachopunguza chembe nyeupe za damu, basi huenda kikamsaidia mtu ambaye ugonjwa wake ni kuwa na chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, tena zisizokomaa. Huyo ndiye mgonjwa wa lukemia. Mwaka 1954 alijiunga naye mkemia Charles Beer, kazi yake ikiwa kukitenga kitu hicho kutoka katika mamia ya vitu vilivyomo kwenye jani. Mwaka 1958 walitangaza kwamba wamekipata. Leo kinaitwa vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani nayo ilikuwa ikiupima mmea huo huo. Watafiti wake, akiwemo Gordon Svoboda, waliona kwamba dondoo lake linarefusha maisha ya panya wenye lukemia, na wakatenga ndugu yake vinblastini, yaani vinkristini. Mwaka 1963 vinkristini iliruhusiwa kutumika Marekani. Hadi leo ni mojawapo ya nguzo za tiba ya lukemia ya watoto, na ndiyo iliyokuwa kwenye sindano ya yule muuguzi.

Inafanyaje kazi? Mfamasia mmoja alitueleza kwa mfano wa kamba. Seli inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hujitengenezea nyuzi nyembamba sana zinazovuta urithi wake pande mbili, nusu huku na nusu kule. Nyuzi hizo husukwa kutokana na vipande vidogo vya protini iitwayo tubulini. Vinkristini huvishika vipande hivyo visisukike. Seli ikishaanza kugawanyika hukwama katikati, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na hufa. Seli za saratani ya damu hugawanyika bila kupumzika, ndiyo maana hukamatwa kwa wingi.

Lakini nyuzi hizo hazimo kwenye saratani peke yake. Mishipa ya fahamu huzitumia kama reli ya kusafirishia mahitaji yake kutoka uti wa mgongo hadi kwenye vidole. Kwa hiyo mgonjwa anayepata dawa hii anaweza kufa ganzi vidole, kuburuta mguu, kupata maumivu ya taya na kufunga choo vibaya. Dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, inaua. Ndiyo sababu hupimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili, na kipimo kimoja kwa kawaida hakizidi miligramu 2. Miligramu 2 ni kidogo kuliko punje moja ya mchele.

Sasa linganisheni na jani. Ili kupata gramu 1 ya vinkristini, kiwanda huhitaji zaidi ya kilo 500 za majani makavu. Ndani ya jani hilo mna zaidi ya alkaloidi 100 za namna mbalimbali, na kiasi chake hubadilika kwa udongo, kwa mvua, kwa umri wa mmea. Mama akichuma konzi moja nyuma ya nyumba hajui ameweka nini kwenye sufuria. Tena dawa hii hutolewa kwa mshipa kwa sababu ikinywewa haiingii mwilini kwa kiwango cha kuaminika. Kwa hiyo, wapendwa, hata ua lenyewe lililozaa dawa, likichemshwa nyumbani, si tiba ya lukemia, na linaweza kudhuru. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tunaogopa mtu atoke hapa leo aache mstafeli, ahamie kwenye ua.

Kuna vikundi vimeshatuuliza kama walilime kwa biashara. Hesabu ya kilo 500 kwa gramu iwajibu. Hata Madagaska kwenyewe, ambako wakulima wa kusini walichuma na kuuza majani haya kwa tani kwenda Ulaya, faida kubwa haikubaki kwa wachumaji. Hilo linatuumiza kama watu wa maendeleo, lakini si mada ya leo.

Turudi kwenye mstafeli na ile namba ya mara 10,000. Tuliifuatilia. Ilitoka katika taarifa ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 1996. Watafiti walitenga kemikali kadhaa kutoka kwenye mbegu za stafeli wakaziweka juu ya seli za saratani ya utumbo mpana ndani ya vyombo vya maabara. Kemikali moja iliziua seli hizo kwa kiasi kidogo mno, mara 10,000 chini ya kiasi cha dawa moja ya hospitali waliyoilinganisha nayo. Basi. Zilikuwa mbegu, si majani. Ilikuwa saratani ya utumbo, si ya damu. Na aliyepimwa hakuwa mtu, wala hata panya. Watafiti hawakudanganya; walioiandika upya ndio waliogeuza chombo cha maabara kuwa mgonjwa, nasi tukapiga chapa.

Ni kweli kwamba tangu hapo dondoo la mstafeli limejaribiwa pia kwenye seli za saratani ya damu na likaziua. Manjano nayo yana kemikali iitwayo kurkumini, inayoua seli hizo maabara. Ukiila, sehemu ndogo mno ndiyo inayofika kwenye damu. Makala za namna hii ni nyingi sana, na zinasisimua. Ni vema mjue seli zinazotajwa humo ni nini. Kuna zinazoitwa Jurkat: zilitolewa katika damu ya mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na lukemia, katika miaka ya 1970, na zimekuwa zikikuzwa maabara tangu wakati huo, zikilishwa na kugawanywa kutoka chombo hadi chombo duniani kote. Zimefunza mengi. Lakini hazina ini la kuvunja dawa, hazina tumbo la kuzuia dawa isipite, hazina uboho wa kuharibika, hazina mama anayekesha kando ya kitanda. Hata spiriti ya kusafishia vidonda ukiimwagia seli hizo zitakufa zote. Kuua seli kwenye chombo ni mlango wa kwanza tu. Baada yake kuna maswali magumu: je, inafika kwenye uboho? Je, inaziacha seli nzima? Kwa kipimo gani? Kemikali nyingi huishia mlango wa kwanza. Vinkristini iliivuka yote, na hata hivyo peke yake haiponyi. Hutolewa pamoja na dawa nyingine kadhaa, kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu. Kwa mpango huo, katika nchi tajiri watoto wapatao 9 kati ya 10 wenye aina ya lukemia inayowapata watoto zaidi wanapona, wakati kabla ya miaka ya 1950 karibu wote walikufa katika miezi michache. Kwetu idadi ya wanaopona iko chini zaidi, na sababu mojawapo ni kuchelewa kufika, nyingine ni kuacha tiba katikati.

Na mstafeli una upande wake mwingine. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, katika bahari ya Karibi, walitoa taarifa juu ya wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa mwili wasiofanana na wagonjwa wa kawaida wa ugonjwa huo, na wakauhusisha na ulaji wa stafeli na chai ya majani yake. Kemikali inayotuhumiwa iko katika kundi lile lile linalosifiwa kwa kuua saratani. Tunda likiliwa mara moja moja hatulipigi vita. Chai ya majani asubuhi na jioni kwa wiki sita ni jambo jingine, nasi ndio tuliyoipendekeza.

Hapa tunajua mzee mmoja atauliza: je, basi mnawadharau waganga wetu? Hapana. Habari ya ua hili ilianza kwa watu wa kawaida waliojua kwamba jani fulani lina nguvu, ingawa walikosea nguvu hiyo iko wapi. Mganga wa tiba asili mwenye mmea anaouamini anayo njia: pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na kazi yake ni kuchunguza mimea. Kinachotusumbua ni jani linaloruka milango yote na kufika kwa mtoto.

Na sisi Walutheri hatuwezi kusema haya kana kwamba mwaka 2011 haukuwepo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kikombe pale Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wengi katika chumba hiki tulikwenda. Yeye mwenyewe alisema nguvu haikuwa ya mti bali ya Mungu, na hilo ni suala la imani ambalo wachungaji wataliongea. Tunachokumbuka sisi ni wagonjwa walioondolewa vitandani hospitalini kupelekwa kule, na wengine walifia njiani. Tungekuwa tumejifunza. Miaka michache baadaye tukatengeneza kipeperushi.

Basi, tunawaomba nini kwa vitendo? Mkikuta mtoto aliyepauka, mwenye homa isiyoisha baada ya dawa ya malaria kutumika vizuri, au anayetoka damu puani na kwenye fizi, au mwenye michubuko isiyo na sababu, au anayelia mifupa usiku, au mwenye tezi zilizovimba shingoni na kwapani, msimpe jani na msimpe dozi ya tatu ya malaria. Apelekwe akapimwe picha kamili ya damu. Kipimo hicho hakimalizi kila kitu, lakini kinafungua njia. Mkiona taya limevimba na meno yanalegea, msisubiri hata Jumapili ipite. Aina ile ya saratani, ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na vilevile ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri, vinkristini ikiwemo.

Tiba ya saratani inapatikana Ocean Road na Muhimbili kule Dar es Salaam, Bugando Mwanza, na KCMC Moshi. Kabla familia haijauza ng'ombe, ifike kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na kueleza hali yake. Nauli na mahali pa kulala mzazi ndivyo vinavyowarudisha nyumbani watu wengi katikati ya tiba, na hapo ndipo usharika unaweza kuchanga jambo la maana kuliko majani.

Jambo jingine: familia ikiwa imeshatumia dawa za mitishamba, isifiche. Baadhi ya mimea hubadilisha utendaji wa ini, na dawa kama vinkristini ikichelewa kutoka mwilini inageuka sumu. Daktari anahitaji kujua. Nanyi wauguzi wa zahanati zetu mliopo hapa, mtu akikiri, msimgombeze mbele ya wenzake, maana kesho hatakiri, wala jirani yake hatakiri.

Yule baba tulikwenda kumwona tena mwezi uliopita, tukiwa na karatasi yenye maelezo haya haya. Alitusikiliza hadi mwisho. Akauliza kama vipeperushi vile bado vipo kwa watu. Tulimwambia tutavikusanya. Kwa hiyo kila mwenye nakala, iwe yake au ya jirani, aiache kwenye sanduku lile lililo mlangoni, na atakayekwenda mitaani wiki hii achukue orodha ya nyumba tulizogawa, anayo mhasibu. Hadi asubuhi hii zimerudi 61, na tulichapa 400.

Sasa maswali. Mama Mwinjilisti ameinua mkono tangu tulipotaja mstafeli, tuanze naye.